Kuandika Kila Siku: Njia ya Kujenga Mazoea ya Uandishi Katika Shule za Msingi

Utangulizi

Miongoni mwa stadi nne za lugha, yaani kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, stadi ya kuandika ndiyo inayochelewa kukomaa, na ndiyo inayowahi kufifia ikiachwa bila kutumiwa. Mtoto aliyekwisha kujua kuzungumza hasahau kuzungumza, kwa kuwa huzungumza kila siku. Lakini mtoto aliyeweza kuandika aya moja nadhifu katika Darasa la Tatu aweza kufika madarasa ya juu akiwa hawezi tena kuiandika, kwa sababu katika muda wote huo hakutakiwa kuandika maneno yake mwenyewe. Alinakili mengi kutoka ubaoni, lakini kunakili si kuandika.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jambo moja: kwamba uandishi hujengwa kwa mazoea ya kila siku, hata yakiwa madogo, wala haujengwi kwa mikupuo mikubwa inayofanywa mara moja au mbili kwa mwaka. Tutaanza kwa kueleza hasara za mikupuo hiyo, kisha tutaonyesha namna mwalimu anavyoweza kuanzisha na kutunza mazoea ya kuandika darasani. Tunawaandikia wanachuo wanaojiandaa kufundisha shule za msingi, hasa wale watakaopangiwa shule za vijijini kama zilivyo nyingi za Mkoa wetu wa Singida, ambako darasa ni kubwa, daftari ni mali, na Kiswahili ni lugha ya pili kwa watoto wengi waliolelewa katika Kinyaturu, Kinyiramba, Kinyisanzu, Kigogo au lugha nyingine za mkoa.

Mkupuo wa insha

Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya mkoa huu, tuliwakuta wanafunzi wa darasa la mwisho wakiwa katika kile kilichoitwa “majuma ya insha”. Mtihani ulikuwa umekaribia, na uongozi wa shule ulikuwa umeamuru kila mwanafunzi aandike insha moja kila siku kwa siku kumi. Nia ilikuwa njema. Walimu walijua kwamba wanafunzi wao hawawezi kuandika vizuri, nao walitaka kuziba pengo kabla muda haujawaishia.

Darasa lile lilikuwa na wanafunzi 80. Insha kumi kwa wanafunzi 80 ni insha 800. Mwalimu akitumia dakika nne tu kwa kila insha, atahitaji dakika 3,200, yaani zaidi ya saa 53 za kusahihisha katika majuma mawili, juu ya vipindi vyake vyote vya kawaida. Hakuna mwalimu awezaye kazi hiyo. Kwa hiyo siku tatu za kwanza madaftari yalisahihishwa, siku ya nne yalitiwa alama ya vema bila kusomwa, na siku ya sita wanafunzi walikwisha kugundua kwamba hayasomwi. Wakaanza kunakiliana.

Tulisoma madaftari yapatayo ishirini. Karibu insha zote zilizohusu “Siku Nisiyoisahau” zilieleza safari ya kwenda Dar es Salaam na kuogelea baharini. Tulimwita mvulana mmoja tukamwuliza kama amewahi kuiona bahari. Akajibu kwa adabu, “Hapana, mwalimu, lakini insha hiyo ndivyo inavyoanza.” Tukamwuliza alifanya nini juma lililopita. Hapo akasimulia, kwa Kiswahili chepesi na chenye mpango, jinsi walivyochimba kisima mchangani katika korongo lililokauka, na jinsi walivyolinda zamu usiku ili mifugo isikivuruge. Ile ilikuwa insha nzuri, nayo haikuwamo katika daftari lolote.

Hatuna budi kukiri kwamba nasi tulikuwa na sehemu katika kosa hilo. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha darasa lile tulimpa alama nzuri siku ya kwanza kwa sababu ya wingi wa insha zilizoandikwa. Tulihesabu madaftari, hatukuyasoma.

Mkupuo wa namna hii una hasara tatu. Kwanza, humfundisha mtoto kwamba kuandika ni adhabu ya muda fulani, ambayo ikipita amepona. Pili, humlazimisha kutafuta maneno ya wengine, kwa kuwa hapewi muda wa kutafuta ya kwake. Tatu, humchosha mwalimu kiasi kwamba baada ya majuma hayo mawili hataki kuona daftari la insha kwa muhula mzima.

Funzo la kampeni ya kisomo

Nchi yetu ina historia kubwa ambayo yaweza kutusaidia kulielewa jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 1969 Rais Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 wilaya sita, zikiwamo Mafia na Ukerewe, zilichaguliwa kutangulia katika kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika, na mwaka huo huo Chama cha TANU kiliagiza kwamba ujinga huo ufutwe nchini kote ifikapo mwisho wa mwaka 1975. Walimu wa shule za msingi, watumishi, hata wanafunzi wenyewe waliingia katika kazi ya kufundisha. Watu wazima walijifunza chini ya miti, katika majengo ya vijiji na katika madarasa ya watoto wao wakati wa jioni.

Matokeo yalikuwa makubwa. Karibu na mwaka 1967, kama theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ulionyesha kuwa sehemu hiyo imeshuka hadi asilimia 39. Mwaka 1981 ilihesabiwa kuwa asilimia 21, na mwaka 1986 ikafika chini ya asilimia 10. Lakini Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba zaidi ya mtu mmoja katika kila watano wenye umri wa miaka 15 na zaidi hakujua kusoma na kuandika. Ni kweli kwamba vipimo hivyo havilingani, na kwamba sababu ni nyingi. Uandikishaji wa watoto shuleni ulipungua katika miaka ya 1980 na 1990, na vijana wengi walikua bila kupita darasani. Hata hivyo, wako pia waliofaulu mitihani ya kisomo kisha wakapoteza walichojifunza.

Wapangaji wa kampeni ile waliiona hatari hiyo mapema. Ndiyo sababu kulianzishwa maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini, kama vile Elimu Haina Mwisho, lililoanza Mwanza mwaka 1974. Walielewa kwamba aliyejua kusoma leo asipopata kitu cha kusoma kesho, na sababu ya kuandika keshokutwa, atarudi alikotoka. Hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980, pamoja na uhaba wa karatasi, iliidhoofisha kazi hiyo ya kuendeleza. Kampeni ilifungua mlango, nayo inastahili heshima yake. Lakini mlango uliofunguliwa hukaa wazi kwa kupitwa kila siku, na hilo ni kazi ya mazoea. Darasani mambo ni vivyo hivyo.

Kwa nini mazoea hushinda mikupuo

Mkulima wa Singida hahitaji kufundishwa kanuni hii. Mkoa wetu hupata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na maeneo mengi hupokea milimita 600 hadi 800 kwa mwaka. Mvua ikishuka yote kwa siku chache, maji huteremka juu ya miamba na udongo mgumu yakaishia mbugani, nao mtama husinyaa shambani. Mvua hiyo hiyo ikigawanyika kidogo kidogo, ardhi huinywa. Kiasi cha maji kwaweza kuwa kile kile, ila mavuno hayafanani.

Katika uandishi hata kiasi chenyewe hakilingani, na hesabu ndogo itatuonyesha. Tuseme insha moja ya mkupuo ina mistari 20. Insha kumi zitakuwa na mistari 200. Sasa tuchukue mwanafunzi anayeandika mistari mitano tu kila siku ya shule. Mwaka wa shule una siku zipatazo 190. Mistari yake itakuwa 950. Mtoto huyu wa mistari mitano ameandika zaidi ya mara nne ya mwenzake, wala hapakuwa na siku hata moja aliyochoka.

Zaidi ya wingi, mazoea huleta mambo ambayo mkupuo hauwezi kuyaleta. Mkono hupata wepesi, hata mtoto akaacha kufikiria umbo la herufi na kuanza kufikiria maana. Hofu ya ukurasa mtupu huondoka, kwa kuwa ukurasa mtupu umekuwa jambo la kila asubuhi. Kosa la jana hukutana na marekebisho ya leo kabla halijaota mizizi. Na kubwa kuliko yote, mtoto hujifunza kuyatazama mambo yanayomzunguka, kwa kuwa anajua kwamba kesho atatakiwa kuyaandika.

Namna ya kuanzisha

(a) Wakati. Mwalimu achague dakika kumi za kila siku, nazo ziwe zile zile. Mwanzo wa kipindi cha Kiswahili, au mara tu baada ya kuita majina, hufaa. Siku ambayo ratiba haina kipindi cha Kiswahili, mwalimu wa darasa apatane na mwenzake wa somo jingine. Dakika hizo zisipokwe kwa ajili ya matangazo wala zisiongezwe kuwa nusu saa kwa sababu siku hiyo kazi imenoga. Mtoto aache akiwa bado ana la kusema. Kesho atarudi kwa hamu.

(b) Daftari. Kwa mistari mitano kila siku, mistari 950 ya mwaka huingia katika kurasa zisizofika 40 zenye mistari 24 kila mmoja. Kwa hiyo daftari dogo moja latosha mwaka mzima, na jambo hili mwalimu alieleze katika mkutano wa wazazi, kwa kuwa mzazi anayeuza kuku ili anunue madaftari ana haki ya kujua yanatumikaje. Daftari hili liwe la kazi hii tu. Yafaa likae shuleni, kabatini au katika sanduku, lisije likapotea wala kulowa.

(c) Jambo la kuandika. Hapa ndipo walimu wengi hukwama. Mwalimu asiyetayarisha jambo la kuandika atasema, “Andikeni chochote,” na watoto hawataandika chochote. Tunapendekeza mpango wa juma ufuatao, ambao wanachuo wetu wameuona kuwa ni rahisi kuufuata:

Jumatatu: habari ya nyumbani au ya njiani.
Jumanne: kumbukumbu. Kwa mfano, hali ya mawingu na mvua, maendeleo ya shamba la shule, bei ya debe la alizeti au gunia la vitunguu mnadani.
Jumatano: maelezo ya jinsi jambo linavyofanywa, kama vile kutega mzinga, kusuka ungo, kukamua mafuta ya alizeti.
Alhamisi: barua fupi au ujumbe kwa mtu anayejulikana.
Ijumaa: kuchagua sentensi moja ya juma hilo na kuiandika upya iwe bora zaidi.

Mpango huu una faida ya kumwonyesha mtoto kwamba kuandika kuna kazi nyingi katika maisha, na insha ya mtihani ni mojawapo tu. Kumbukumbu za Jumanne zaweza kutumiwa na shule yenyewe. Shule yenye kipimamvua haina sababu ya kumwachia mwalimu peke yake kazi ya kuandika kiasi cha mvua, na darasa lililoandika bei za vitunguu kwa mwaka mmoja lina jambo la kuwaambia wazazi.

(d) Kiwango cha kila darasa. Katika Darasa la Kwanza mtoto aandike neno moja chini ya picha aliyoichora, na baadaye sentensi moja. Pale ambapo hakuna karatasi za kutosha, vibao na chaki, hata mchanga uliosawazishwa, vyafaa kabisa kwa hatua hii. Darasa la Pili aandike sentensi mbili. Darasa la Tatu na la Nne, sentensi tatu hadi tano. Kuanzia Darasa la Tano, aya moja yenye wazo moja. Mwalimu asiongeze idadi kwa pupa. Mtoto akitaka kuandika zaidi, aruhusiwe, lakini asilazimishwe.

(e) Kusoma kwa sauti. Baada ya kuandika, watoto wawili au watatu wasome kazi zao mbele ya wenzao, kwa zamu, ili katika mwezi mmoja au miwili kila mmoja awe amesikiwa. Mwandishi anahitaji msomaji, na mtoto ajuaye kwamba maneno yake yatasikiwa na wenzake huyachagua kwa uangalifu.

Kusahihisha

Wanachuo wengi hutuuliza, “Nitasahihishaje madaftari 80 kila siku?” Jibu letu ni kwamba hutasahihisha madaftari 80 kila siku. Soma manane. Katika siku kumi za shule utakuwa umesoma ya wanafunzi wote 80, kila mmoja kwa makini. Ukitumia dakika tatu kwa kila daftari, kazi ya siku itakuchukua dakika 24. Mtoto hajui ni siku gani daftari lake litasomwa, lakini ajue kwa hakika kwamba litasomwa.

Tutoe mfano. Mwanafunzi wa Darasa la Nne aliandika hivi, msimu ambao watoto wengi huenda mashambani kufukuza ndege:

“Jana sikuja shule kwasababu nilikuwa na amia ndege. Ndege wanakuja asubui wengi kama vumbi. Kaka alipiga debe. Mimi nilitupa udongo kwa kombeo. Ndege wakaenda kwa jirani.”

Mwalimu mwenye kalamu nyekundu aweza kuona mengi hapa: “kwasababu” badala ya “kwa sababu”, “na amia” badala ya “naamia”, “asubui” badala ya “asubuhi”. Akiyapigia mstari yote, mtoto ataona damu tupu katika ukurasa wake, na kesho ataandika sentensi mbili fupi ambazo ana hakika nazo. Tunashauri mwalimu achague kosa la aina moja. Hapa kutenganisha na kuunganisha maneno ndilo kubwa, kwa kuwa limetokea mara mbili. Alisahihishe hilo, na lile la “asubui” aliweke akiba kwa imla ya darasa zima, maana bila shaka wako wengine wanaoiacha herufi hiyo.

Kisha mwalimu aandike neno moja juu ya maana. Katika daftari hili mwalimu aliandika, “Wengi kama vumbi: umesema vizuri. Je, jirani naye alifanya nini?” Siku iliyofuata mtoto yule aliandika mistari minane bila kuombwa, akaeleza ugomvi uliotokea mpakani mwa mashamba. Swali moja la mwalimu lilifanya kazi ambayo alama kumi za kalamu nyekundu zisingeifanya.

Vikwazo

Kikwazo cha kwanza ni utoro wa msimu. Wakati wa kupanda, wa kuamia ndege na wa mavuno, viti huwa vitupu. Mwalimu asimtake mtoto aliyerudi afidie siku zote alizokosa, kwa kuwa huko ni kurudi kwenye mkupuo. Aanze siku ile aliyorudi, na aandike juu ya kule alikokuwa. Mazoea yaliyokatika huungwa kwa kuendelea.

Kikwazo cha pili ni lugha. Mtoto ambaye Kiswahili anakisikia shuleni tu atakosa maneno. Anapokwama kwa kukosa jina la kitu, aandike jina lile analolijua la nyumbani, kisha darasa lisaidiane kutafuta neno la Kiswahili. Neno lililotafutwa kwa sababu lilihitajika halisahauliki upesi. Kumdhihaki mtoto kwa neno la lugha ya mama yake ni kumfunga mdomo na mkono kwa pamoja.

Kikwazo cha tatu ni mwalimu kukata tamaa. Kwa mwezi wa kwanza hutaona mabadiliko makubwa. Watoto wataandika, “Jana nilikula ugali, nikalala,” siku baada ya siku. Vumilia. Wauluze ugali huo ulipikwa na nani, kwa unga wa nini, na walikula na nani. Bandu bandu huisha gogo.

Nafasi ya mashindano

Isidhaniwe kwamba tunayapinga mashindano ya insha. Mashindano huchangamsha shule, na mtoto aliyeshinda hutiwa moyo. Lakini mashindano ni siku ya mavuno, na hakuna avunaye asichopanda. Shule ikiwa na madaftari ya kila siku, maandalizi ya mashindano huwa mepesi. Mwanafunzi hufungua daftari lake, huchagua habari iliyomvutia zaidi kati ya zile alizokwisha kuziandika, na kuipanua. Mtihani nao huwa hivyo hivyo. Mtoto aliyeandika siku 190 haiogopi siku ya 191.

Mwalimu mwenyewe

Tumeacha jambo zito zaidi mwishoni. Mwalimu asiyeandika hawezi kujenga mazoea ya kuandika kwa wengine. Wanachuo wengi huandika sana katika juma la kukabidhi kazi za chuo, usiku kucha, kisha hawashiki kalamu hadi juma kama hilo lirudi. Tabia hiyo wataipeleka shuleni, na “majuma ya insha” yatazaliwa tena.

Hata ng’ambo mikupuo ya namna hii imejaribiwa na watu wazima. Nchini Marekani yalianzishwa mwaka 1999 mashindano ya kuandika maneno 50,000 ya riwaya katika mwezi mmoja, ambao baadaye ulikuwa Novemba, na hayo ni maneno kama 1,667 kila siku. Yalivuta watu wengi katika nchi nyingi kwa miaka mingi, hadi shirika lililoyasimamia lilipotangaza kufunga kazi zake mwaka 2025. Hesabu yake inafundisha. Maneno hayo 50,000, yakigawanywa kwa siku zote za mwaka, ni maneno 137 tu kwa siku, yaani aya moja. Mwenye kuandika aya moja kila jioni hufika pale pale, naye huwa amepata tabia ambayo haikomi Novemba ikiisha.

Karibu nasi zaidi tunaye Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Mtu huyu, ambaye mashairi na riwaya zake ni nguzo ya fasihi ya Kiswahili, alikuwa karani wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake, akianza katika idara ya forodha mwaka 1926. Hakuwa na mwaka wa mapumziko wa kuandikia vitabu. Pamoja na kazi ya ofisi na uandishi wa vitabu, alimwandikia barua ndugu yake, Yusuf Ulenge, na barua hizo, za kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, zilikuja kuchapishwa kuwa kitabu. Miaka 27 ya barua kwa mtu mmoja! Hapo tunaona mkono usiosubiri mashindano.

Kwa hiyo tunamsihi mwanachuo aanze leo, kabla hajapangiwa shule. Awe na daftari lake, na kila jioni aandike mistari kumi juu ya alichokiona darasani: mtoto gani alielewa, swali gani lilikosa jibu, zana gani ilifaa. Daftari hilo litamfaa anapoandika andalio la somo la kesho. Na zile dakika kumi za darasani, wanafunzi wanapoandika, naye akae aandike pamoja nao. Watoto wakimwona mwalimu wao akiwaza, akifuta na kuandika upya, watajua kwamba kufuta si aibu.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba mikupuo ya uandishi huchosha, huzaa kunakiliana, na huisha bila kuacha tabia. Tumeeleza kwamba dakika kumi kila siku, daftari moja, jambo la kweli la kuandika, na madaftari manane ya kusomwa kwa makini vyaweza kufanya kazi kubwa hata katika darasa la wanafunzi 80. Hayo yote hayahitaji fedha za ziada. Yanahitaji mwalimu asiyeruka siku.

Yule mvulana wa kisima hatukumwona tena. Alimaliza shule mwaka ule. Pengine leo ni mkulima, au mfanyabiashara wa vitunguu, na pengine iko siku anayohitaji kuandika maombi, mkataba au barua kwa mwanawe aliye mbali. Tulimwacha akiwa na insha ya bahari ambayo hakuwahi kuiona. Wanafunzi mtakaowapokea nyinyi wana visima vyao vya kuandika. Wapeni daftari, na muda, kila siku.

Zoezi

1. Kwa juma moja, andika kila jioni mistari kumi juu ya somo ulilolifundisha au ulilolitazama. Mwisho wa juma, eleza umegundua nini.
2. Tayarisha mpango wa majuma mawili wa mambo ya kuandika kwa Darasa la Tatu la shule unayoijua, ukitumia mambo ya kijiji kile.
3. Chukua daftari la mwanafunzi mmoja. Chagua kosa la aina moja la kusahihisha na swali moja la kumwuliza. Mweleze mwenzako kwa nini umechagua hayo.